Bustani Mlangoni: Raha ya Watu wa Nyumba Siku za Jua

Mvua za vuli zikiisha, jua la Nairobi hupata nguvu. Tangu mwisho wa Desemba mpaka masika yaanzapo mwezi wa Machi, mchana huwa mkali, vumbi hutimka katika njia za Gikomba, na jioni huwa na hewa nzuri ya kukaa nje. Sehemu ya kwanza ya majira hayo ndiyo wakati watoto wako nyumbani, kwa kuwa shule za Kenya hufunga mwaka wao kabla ya Desemba na kufunguliwa tena Januari. Wazazi wengi wa Pumwani, Shauri Moyo, Majengo na Kaloleni hujiuliza: Watoto hawa watafanya nini mchana kutwa? Njiani mna magari na mikokoteni, na ukingoni mwa mto mna takataka.

Makala haya yaeleza jawabu moja lisilotaka fedha nyingi, nalo ni bustani ndogo mlangoni pamoja na kuku wachache au sungura wawili watatu. Faida ya kwanza ni chakula, na hilo halihitaji kuelezwa sana. Faida ya pili ni kwamba baba, mama, watoto na bibi hupata kazi moja ya kufanya pamoja, na kazi hiyo yageuka kuwa furaha yao. Lakini raha hii ina masharti yake. Asiyeangalia maji na udongo aweza kuwalisha wanawe ugonjwa akidhani awalisha mboga.

PENYE JAMAA NDIPO PENYE BUSTANI

Yafaa kukumbuka jinsi mitaa hii ilivyoanza. Pumwani ilipopimwa, katika miaka ya mwanzo ya 1920, wenyeji walipewa viwanja wajenge nyumba zao wenyewe, na Majengo ikajaa nyumba za Kiswahili zenye ukumbi katikati na ua nyuma. Lakini kwa muda mrefu watawala wa Nairobi walimhesabu Mwafrika wa mjini kuwa mtu aliyekuja peke yake, afanye kazi na kisha arudi kwao. Makao mengi yaliyojengwa wakati huo yalikuwa vyumba vya wanaume, na mtu hupewa mahali pa kitanda tu. Mwenye kitanda tu atapanda nini, na atampandia nani?

Mambo yalianza kubadilika katika miaka ya 1940, mitaa kama Ziwani na Kaloleni ilipojengwa kwa ajili ya watu wenye wake na watoto. Kaloleni ilipangwa kwa kufuata fikira ya mji wa bustani, iliyoelezwa Uingereza na Ebenezer Howard katika kitabu chake cha mwaka wa 1898. Nyumba zake zilikuwa za chini, zikizunguka viwanja vya majani, na katikati palikuwa na ukumbi wa watu wote kukutania. Mama aliyetoka kijijini akaona kipande cha ardhi mbele ya mlango wake, na haukupita muda akakitia kunde na mchicha. Hapana ajabu katika jambo hilo, maana mtu hupanda pale anapokusudia kukaa.

Wala si Nairobi tu iliyoona hivyo. Katika mji wa Leipzig, Ujerumani, miaka ya 1860, wazazi na walimu walitengeneza kiwanja cha kuchezea watoto wa mjini. Pembeni pakalimwa vitalu ili watoto wajifunze kupanda. Watoto walipochoka kupalilia, wazazi wao wakavichukua vitalu, na kutoka hapo zikaenea bustani za jamaa ambazo Wajerumani wanazo hata leo. Hapo pia bustani ilianza kwa ajili ya mtoto, ikaishia kuwa raha ya nyumba nzima.

Kenya yenyewe ina ushahidi wake. Mwaka wa 1985 taasisi ya Mazingira ya Nairobi ilifanya uchunguzi katika miji sita ya Kenya, ikaona kwamba karibu jamaa 3 katika kila 10 walilima chakula mjini mle walimokaa, na wengine walifuga. Na mwaka wa 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga njia na kupunguza kazi, Wizara ya Kilimo ilihimiza bustani za jikoni nchini pote. Basi mwenye kulima mlangoni hafanyi jambo la ushamba. Afanya jambo ambalo watu wa mijini wamelifanya siku zote.

BUSTANI NDANI YA GUNIA

Wengine watasema: Sisi hatuna ardhi, tuna chumba na baraza. Ni kweli. Tena mitaa ya zamani yabadilika. Huko Pangani nyumba za zamani zilibomolewa na pakajengwa maghorofa, na mitaa mingine ya Eastlands imo katika mipango ya namna hiyo. Mwenye kuhamia orofa ya tano haendi na ua wake. Lakini aweza kwenda na gunia.

Bustani ya gunia hutengenezwa hivi. Tafuta gunia imara lililokuwa la nafaka. Usitwae lililotiwa dawa au simiti. Changanya udongo mzuri sehemu mbili na samadi iliyooza sehemu moja. Twaa mkebe mkubwa uliotobolewa juu na chini, uusimamishe katikati ya gunia, ujaze kokoto ndani yake, na kuuzungushia udongo. Kisha uvute mkebe juu, kokoto zibaki zimesimama, ukaendelee hivyo mpaka gunia lijae. Nguzo hiyo ya mawe ndiyo njia ya maji. Pasipo mawe, maji hukaa juu na mizizi ya chini hufa kiu.

Mwagilia gunia siku mbili tatu ili udongo ukae, kisha toboa matundu madogo ubavuni, kila tundu mbali na mwenzake kadiri ya shubiri moja, na kila mstari ukipishana na ule wa chini yake. Katika kila tundu tia mche mmoja, na juu pia panda. Gunia moja kubwa laweza kubeba miche thelathini au zaidi. Sukuma wiki na spinachi hufaa sana ubavuni, maana huchumwa jani kwa jani kwa miezi mingi. Juu tia vitunguu vya majani au dania. Mchicha, ambao wengi Nairobi huuita terere, ni wa watu wasio na subira: baada ya wiki tatu au nne tangu kusia mbegu waweza kuanza kuuchuma. Sukuma wiki hutaka kama miezi miwili. Basi panda vyote viwili, ili mtoto aone mavuno ya kwanza kabla hajakata tamaa, na nyumba ipate mboga ya muda mrefu.

Tusisahau mnavu, mgagani na kunde. Mboga hizi za asili hustahimili jua kuliko kabeji, na zina faida kubwa kwa mwili. Tena zina mafunzo. Bibi aliyelelewa Ukambani, Gusii au Magharibi huzijua kwa majina ya kwao na hujua jinsi ya kuzipika zisiwe chungu. Mjukuu aliyezaliwa Pumwani hapati maarifa hayo dukani. Huyapata akiwa amechuchumaa na bibi yake kando ya gunia, akiambiwa hili ni jani la kula na lile ni gugu.

Vyombo navyo haviko mbali. Mafundi wa jua kali wa Kamukunji hufua makoleo, ndoo na makopo ya kunyunyizia, na Gikomba hakuna mbao wala gunia lisilopatikana kwa mwenye kutafuta.

KUKU NA SUNGURA

Kwa jamaa ya mjini kuku wanne au watano wa kutaga watosha. Watengenezee tundu la mbao lililoinuliwa kutoka chini, lenye wavu wa kupitisha hewa na paa la kuzuia jua la saa saba. Tena jueni ya kuwa kuku hutaga bila ya jogoo. Jogoo hutakiwa kwa kupata vifaranga tu. Mwenye kukaa ukuta kwa ukuta na jirani anayefanya kazi ya usiku atafanya vema kumwacha jogoo wake kijijini.

Siku za jua kali kuku huhema kwa mdomo wazi na kueneza mabawa. Dalili hiyo yaonyesha kwamba joto limewazidi. Wapeni maji safi mara mbili kwa siku katika chombo kizito kisichopinduka, nacho kiwekwe kivulini. Adui mkubwa wa kuku ni ugonjwa wa kideri, ambao waweza kumaliza kuku wa mtaa mzima kwa siku chache. Dawa ya kuutibu hakuna, lakini chanjo ya kuuzuia ipo. Ulizeni kwa daktari wa mifugo, na ifuateni tarehe anayowapa. Kuku aliyenunuliwa sokoni asichanganywe na wa nyumbani siku hiyo hiyo. Wazee walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kwa mfugaji maneno hayo yana hekima nyingine: amfunge mgeni peke yake siku kumi na nne, aone kama ana afya.

Sungura ndiye mnyama afaaye zaidi mahali padogo, kwa kuwa hapigi kelele na hula majani. Jike hubeba mimba kama siku 31, na kwa kawaida huzaa watoto sita au wanane. Siku chache kabla ya kuzaa, mtilieni kisanduku chenye nyasi kavu. Mwenyewe atanyonyoa manyoya ya kifua chake na kuwatandikia wanawe. Hakuna somo la huruma ya mzazi lililo wazi kuliko hilo, na watoto wa binadamu hulitazama kwa kimya kikubwa. Watoto wetu husikia katika hadithi jinsi Sungura alivyomshinda Fisi na Simba kwa akili. Wakimfuga, huona kwamba naye ana udhaifu wake: huchukia kelele, huogopa mbwa, na joto humdhuru kuliko baridi. Kizimba kisimame kivulini penye hewa. Majani mabichi yenye umande yasitiwe mara moja, bali yaachwe yanyauke kidogo, maana majani yaliyolowa huweza kumvimbisha tumbo.

Hapo utaona jinsi vitu hivi vinavyosaidiana. Majani ya nje ya sukuma wiki huenda kwa sungura, makombo ya jikoni huenda kwa kuku, na samadi ya wote wawili hurudi katika gunia. Lakini samadi ya kuku ni kali. Ifukieni pamoja na majani makavu miezi miwili mitatu mpaka ioze na kupoteza harufu, la sivyo itaunguza miche na kuleta nzi.

MAJI NA UDONGO

Sasa twafika kwenye jambo zito kuliko yote. Mto Nairobi wapita karibu na Gikomba, nao huchukua uchafu wa vyoo, karakana na masoko. Siku za jua, maji ya mfereji yanapopungua, wako watu wanaochota maji ya mto, au hata kuziba bomba la maji machafu ili yafurike shambani. Mboga hupata rutuba na kunawiri. Mnunuzi husifu rangi yake. Lakini maji hayo huchukua mayai ya minyoo na vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, na vidole vya mtoto achumaye majani ndivyo viingiavyo kinywani.

Liko na jambo la pili lisiloonekana kwa macho. Udongo wa ukingo wa mto, wa karakana za vyuma, au mahali palipochomwa betri na takataka, huweza kuwa na madini ya risasi na mengine yenye sumu. Mboga za majani huyavuta kwa mizizi, tena vumbi lake hukaa juu ya majani. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi risasi. Nayo risasi ikiingia katika mwili wa mtoto mdogo hudhuru akili yake. Taabu ya namna hii yajulikana pia Dar es Salaam, katika bonde la Msimbazi lililo maarufu kwa mchicha, ambako wataalamu wameonya juu ya maji ya mto huo.

Kwa hiyo shikeni kanuni hizi. Udongo wa gunia utoke mahali safi, mbali na barabara kuu, karakana na jaa. Maji yawe ya mfereji au ya mvua iliyokingwa wakati wa vuli. Maji yaliyooshea mboga au mchele yafaa sana, na ni akiba kubwa siku za mgawo. Maji ya kufulia yenye dawa nyingi yasitumiwe. Gunia moja hutaka kama lita tano kwa siku wakati wa jua, nayo yamiminwe penye mawe asubuhi mapema au jioni, kwa sababu maji ya adhuhuri huliwa na jua. Tandazeni nyasi kavu juu ya udongo ili unyevu ukae. Na mkono ulioshika kuku, sungura au samadi uoshwe kwa sabuni kabla ya kushika chakula.

Wala ukingo wa mto si mahali pa kutegemea hata kwa sababu nyingine. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka wa 2024, Serikali iliamuru watu waondoke katika nafasi ya mita 30 kutoka mtoni. Aliyepanda huko alipoteza mimea kwa maji, na aliyebakiwa na kitu hakuweza kukaa kukilinda.

SHERIA NA MAJIRANI

Kwa miaka mingi sheria ndogo za jiji hazikuupendelea ukulima wa mjini, na mahindi yaliyomea kando ya njia yaliweza kufyekwa na askari wa baraza. Mambo yamebadilika. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya kutokuwa na njaa, na kuwa na chakula cha kutosha kilicho bora. Mwaka wa 2015 Kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria yake ya kukuza na kusimamia kilimo cha mjini. Basi kilimo kimetambuliwa, lakini hakikuachwa kiholela. Aliye mpangaji aombe idhini ya mwenye nyumba, na mwenye kutaka kufuga amwulize afisa wa kilimo au wa mifugo wa kaunti kabla ya kugongomea mbao.

Sheria iliyo karibu zaidi ni jirani. Tundu lisafishwe kila siku, chakula cha kuku kifunikwe panya wasije, na harufu isivuke ukuta. Tena mpelekee jirani fungu la kwanza la mboga. Aliyekula sukuma wiki yako atakuwa mlinzi wa gunia lako ukiwa kazini.

KAZI YA KILA MMOJA

Kamukunji, hatua chache kutoka Gikomba, yatupa fundisho. Tarehe 5 Juni 1977 Wangari Maathai na wenzake waliandamana mpaka hapo, wakapanda miti saba, na huo ukawa mwanzo wa Green Belt Movement iliyojulikana duniani pote. Mwaka wa 2004 mama huyo alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Lakini katika ile miti saba ya kwanza, mingi ilikufa. Kupanda ni kazi ya siku moja, na watu hupiga makofi. Kumwagilia ni kazi ya kila siku, na hapana wa kupiga makofi.

Ndiyo maana kazi igawanywe. Mtoto wa miaka mitano aokote mayai na kuyahesabu. Wa miaka minane abadilishe maji ya kuku. Wa miaka kumi na miwili ashike daftari, aandike siku ya kupanda, idadi ya mayai, fedha iliyotoka na fedha iliyobaki kwa kutonunua mboga. Vijana wabebe maji na kujenga kizimba. Baba asikae kitini akiagiza. Ashike koleo, maana mtoto huiga mikono kuliko maneno. Na kila mtoto apewe mche wake mwenyewe, aupe jina akitaka. Ukinyauka, asipigwe, aulizwe tu umekosa nini, naye atajua.

Jioni jua likiisha makali, toeni mkeka nje. Mboga iliyochumwa saa ile ipikwe na mayai ya siku ile, na ugali uletwe. Mtoto ambaye jana alikataa mboga ya sokoni ataila hii, kwa kuwa ni yake. Bibi akiwa na hadithi, huo ndio wakati wake. Raha ya namna hii haina kiingilio, wala haihitaji nauli ya kwenda mbali.

Wazee walisema, mchumia juani hulia kivulini. Mwenye kuanza leo kwa gunia moja, udongo safi na ndoo ya maji safi, atakuwa na mchicha mezani kabla mwezi haujaisha, na masika yatakapofika atakuwa na watoto wanaojua kuutunza wenyewe.